Presha Isiyouma na Kikohozi Kilichozoeleka
Mada kuhusu huduma za afya kwa wananchi wa Kata ya Nkololo



Ichukuliwe kaya moja, isiyotajwa jina, ambayo yaweza kuwa katika kitongoji chochote cha kata hii. Ni msimu wa kuvuna pamba. Katika kaya hiyo yumo mama kijana mwenye mimba ya kwanza, iliyofikia mwezi wa nane. Yumo pia babu ambaye amekuwa akikohoa tangu mvua zilipokuwa bado zinanyesha. Mama anasema kichwa kinamgonga, na kwamba alfajiri aliona kama vimulimuli mbele ya macho. Anaambiwa ni jua la shambani, apumzike kidogo chini ya mti. Babu naye, akiulizwa, hujibu kuwa kikohozi chake ni cha vumbi na tumbaku, na kwamba amekwisha kukizoea. Hakuna anayelia kwa maumivu, hakuna aliyeanguka, na pamba inasubiri. Siku inapita.

Mada hii yahusu siku hiyo inayopita. Maradhi mawili yamo ndani ya kaya hiyo, moja la mama na moja la babu. Yote mawili hupimwa kwa vifaa vya kawaida, na yote mawili yana dawa zinazojulikana. Kinachoyafanya yaue aghalabu ni kuchelewa.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki dunia kwa sababu zinazotokana na ujauzito na uzazi. Zaidi ya asilimia 90 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na zile za kipato cha kati kilicho karibu na cha chini. Shinikizo la damu katika ujauzito, ambalo wengi huliita presha ya mimba, ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo hivyo, likiandamana na kutokwa na damu nyingi. Katika mwaka huohuo wa 2023 watu wapatao milioni 10.8 duniani waliugua kifua kikuu, na watu milioni 1.25 walikufa kwa ugonjwa huo. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani.

Hata hivyo, takwimu za Tanzania zinaonyesha pia kwamba mambo hubadilika watu wanapochukua hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Maana yake ni kwamba kifo cha mzazi si ajali ya majaliwa ambayo haina kinga. Kwa sehemu kubwa ni jambo linaloweza kuzuiwa, na limekwisha kuzuilika kwa wengi.

Presha ya mimba ni kitu gani

Mtoto akiwa tumboni hulishwa kwa njia ya kondo la nyuma. Kwa kawaida mishipa ya damu inayopeleka damu kwenye kondo hutanuka ili damu ipite kwa wingi. Kwa baadhi ya wanawake mishipa hiyo haitanuki ipasavyo. Kondo likikosa damu ya kutosha hutoa kemikali zinazoingia katika damu ya mama na kuidhuru mishipa yake mwili mzima: ya figo, ya ini, na hatimaye ya ubongo. Ndipo presha hupanda, na protini ambayo yapaswa kubaki katika damu huanza kuvuja katika mkojo.

Mjamzito ambaye presha yake imefika 140 kwa namba ya juu au 90 kwa namba ya chini yuko katika hali inayohitaji kufuatiliwa kwa karibu. Ikifika 160 kwa namba ya juu, au 110 kwa namba ya chini, hiyo ni dharura. Tatizo hili huanza zaidi baada ya wiki 20 za ujauzito, na laweza kutokea hata baada ya kujifungua. Likiachwa, mama huweza kushikwa na degedege na kupoteza fahamu. Hicho ndicho kifafa cha mimba.

Hapa hapana budi jambo moja lisemwe bayana. Kifafa cha mimba hakitokani na kurogwa, wala mashetani, wala laana ya ukoo, wala kosa la mama. Ni ugonjwa wa mishipa ya damu unaosababishwa na mimba. Kila saa inayotumika kutafuta aliyeroga ni saa inayopotea katika uhai wa mama na wa mtoto.

Mwanamke yeyote mjamzito aweza kupatwa. Walio katika hatari zaidi ni mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyewahi kupatwa katika mimba iliyotangulia, mwenye umri mdogo sana au aliyepita miaka 35, na mwenye presha ya kudumu, kisukari, ugonjwa wa figo au unene uliozidi. Mama wa namna hiyo akihudhuria kliniki mapema, mtaalamu aweza kumpa aspirini kwa kipimo kidogo ili kupunguza hatari. Kinga hiyo hufaa zaidi ikianzwa kabla ya mimba kukomaa, na haimfai anayefika kliniki kwa mara ya kwanza katika mwezi wa saba. Vilevile si dawa ya kujinunulia dukani bila ushauri.

Ugumu wa maradhi haya ni kwamba presha haiumi. Mama aweza kutembea, kuteka maji na kucheka na wenzake ilhali presha yake ni 150. Ndiyo maana kujisikia mzima si kipimo. Kipimo ni mashine inayofungwa mkononi na uchunguzi wa mkojo. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linapendekeza mjamzito akutane na mtoa huduma mara nane, la kwanza likiwa kabla ya wiki 12 kumalizika. Katika kila hudhurio mama anayo haki ya kuuliza, "Presha yangu leo ni ngapi?" na jibu liandikwe kwenye kadi yake.

Dalili za hatari ni hizi: kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali juu ya tumbo, hasa upande wa kulia chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, kupumua kwa shida, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Hata moja tu yatosha kumpeleka mama kituoni siku hiyohiyo.

Tiba yake ipo. Ziko dawa za kushusha presha ambazo mjamzito aweza kutumia bila kumdhuru mtoto. Kwa mama aliye katika hatari ya degedege iko sindano ya magnesiamu salfeti. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliowashirikisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, nao ulionyesha kuwa sindano hiyo hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Si dawa ngeni wala ya gharama kubwa. Sharti lake ni moja: mama awe amefika mahali ilipo.

Iwapo mama ameshikwa na degedege nyumbani, alazwe kwa ubavu wa kushoto na vitu vyenye ncha viondolewe karibu naye. Asitiwe kijiko wala vidole kinywani, asinyweshwe maji wala dawa ya mitishamba. Usafiri utafutwe papo hapo, hata kama degedege limekoma.

Kikohozi cha babu

Ugonjwa wa pili ni kifua kikuu cha mapafu. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kuwa amekigundua kimelea kinachousababisha. Tangu siku hiyo imejulikana kuwa kifua kikuu si ugonjwa wa kurithi wala wa kutupiwa. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au akiimba, bakteria hutoka na kuelea hewani. Aliye karibu, hasa katika chumba kisicho na madirisha ya kutosha, huwavuta. Kushikana mikono au kula sahani moja hakuambukizi.

Mgonjwa asiyetibiwa aweza kuambukiza watu kati ya 5 na 15 katika mwaka mmoja, na hao aghalabu ni wale anaolala nao nyumba moja. Si kila aliyeambukizwa huugua. Wengi mwili wao huwadhibiti bakteria hao maisha yao yote. Huugua zaidi wale ambao kinga yao imepungua: wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye kisukari, wenye utapiamlo, wavutaji wa tumbaku, vijana waliovuta vumbi la mawe migodini, na watoto wachanga.

Dalili ni kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi la usiku, kupungua uzito, kukosa hamu ya kula, na wakati mwingine makohozi yenye damu. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI asingoje wiki mbili. Kikohozi cha siku yoyote chatosha kupimwa. Kipimo ni makohozi katika kikopo kidogo. Zamani yalitazamwa kwa hadubini pekee. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeidhinisha mashine inayotambua vinasaba vya bakteria katika muda wa saa mbili hivi, na kuonyesha pia iwapo wamekuwa sugu kwa dawa kuu. Mkoani Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panyabuku waliofundishwa hunusa sampuli za makohozi na kusaidia kubaini wagonjwa ambao hadubini imewakosa.

Kwa wafugaji lipo neno la ziada. Ng'ombe nao huugua aina yao ya kifua kikuu, na maziwa mabichi yaweza kuihamisha kwa binadamu, hasa kwenye tezi na matumbo ya watoto. Maziwa yachemshwe.

Tanzania inayo historia ya kujivunia katika vita hii. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926, wakati ambapo dawa hazijapatikana na wagonjwa walitegemea mapumziko, chakula na hewa safi. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Ndani ya mpango huo daktari Karel Styblo, akishirikiana na wataalamu wa Tanzania, aliujaribu utaratibu wa kumpima mgonjwa makohozi, kumpa dawa za muda mfupi chini ya uangalizi, na kuandika matokeo ya kila mmoja katika rejista hadi amalize. Katika miaka ya 1990 utaratibu huo ulichukuliwa na Shirika la Afya Duniani na kusambazwa kwa mataifa mengine. Kilichofundishwa dunia nzima kilikuwa kimethibitishwa kwanza katika wilaya za nchi hii.

Leo matibabu ya kifua kikuu cha kawaida ni ya miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Hutolewa bila malipo. Mgonjwa huchagua msimamizi wa dawa, aweza kuwa ndugu wa nyumbani, anayehakikisha kila kidonge kimemezwa. Hatari kubwa huja katika mwezi wa pili au wa tatu, wakati kikohozi kimekoma, uzito umerudi na mgonjwa anajiona amepona. Anayeacha dawa hapo huwabakiza bakteria walio wagumu zaidi, nao waweza kurudi wakiwa sugu. Kifua kikuu sugu hudai dawa nyingi zaidi, zenye taabu zaidi, na aweza kukiambukiza kwa wengine kikiwa tayari ni sugu.

Mahali maradhi mawili yanapokutana

Yawezekana mtu akauliza kwa nini presha ya mama na kikohozi cha babu vizungumzwe pamoja. Jibu ni kwamba hukutana katika nyumba moja, na mara nyingine katika mwili mmoja. Mjamzito mwenye kifua kikuu huchoka, na uchovu husemwa ni wa mimba. Haongezeki uzito, na husemwa ni kichefuchefu. Kwa hiyo hukaa na ugonjwa hadi ajifungue, na mtoto huzaliwa njiti au na uzito mdogo, kisha huvuta hewa ileile anayokohoa mama au babu. Mtoto mchanga akipata kifua kikuu huweza kupatwa na kile cha ubongo, kinachoua au kuacha ulemavu.

Kwa bahati njema, siku moja ya kliniki yatosha kuyatafuta yote mawili. Presha hupimwa kwa dakika chache. Kifua kikuu huanza kutafutwa kwa swali moja: "Je, unakohoa, au yupo anayekohoa nyumbani?" Mjamzito akikutwa na kifua kikuu, dawa za kawaida za miezi sita ni salama kwake na kwa mtoto, kuziacha ndiko kwenye hatari. Ajulishe tu kuwa ni mjamzito, kwa kuwa ziko dawa chache, kama sindano ya streptomaisini, ambazo hazifai kwa sababu hudhuru masikio ya mtoto. Akijifungua, ataendelea kunyonyesha. Mtoto wake, na watoto wengine wa chini ya miaka mitano katika kaya hiyo, watachunguzwa na kupewa dawa za kinga wakionekana hawajaugua.

Kuchelewa kwa aina tatu

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kuwa vifo vya uzazi hutokana na kuchelewa kwa aina tatu. Maelezo yao yanaufaa ugonjwa wa babu sawasawa na ule wa mama.

Kwanza ni kuchelewa kuamua. Hapa swali si la daktari. Ni la nyumbani. Nani katika kaya mwenye neno la kusema mama apelekwe? Ikiwa ni baba, naye yuko mnadani au migodini, je, mama asubiri simu yake? Familia yenye busara huamua mapema, mimba ikiwa changa, kwamba dalili ya hatari ikitokea yeyote aliyepo ana idhini ya kumpeleka. Akiba ya fedha za pamba, hata iwe ndogo, itengwe kwa safari hiyo kabla haijamalizikia kwenye mahitaji mengine. Kadhalika babu asingoje aambiwe mara tatu. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Pili ni kuchelewa kufika. Mvua ikijaza mito na barabara zikiteleza, umbali mfupi huwa mrefu. Kwa ajili hiyo upo mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mwananchi au mtoa huduma hupiga namba 115 bila malipo. Mtaalamu huuliza hali ya mama au mtoto mchanga, kisha gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa hutumwa. Namba hiyo yafaa iandikwe ukutani katika kila nyumba yenye mjamzito. Tatizo likikizidi kituo, rufaa huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu mjini Bariadi, na likizidi zaidi, Bugando jijini Mwanza.

Tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Hapo wajibu ni wa wenye dhamana. Mashine ya presha isiyofanya kazi, vitendanishi vya mkojo vilivyokwisha, au magnesiamu salfeti iliyokosekana stoo, si mambo ya kufichwa. Kila kituo cha umma kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na mkutano mkuu wa kijiji ni mahali halali pa kuuliza. Maswali matatu yanatosha: mashine ya presha inafanya kazi? Dawa ya kifafa cha mimba ipo? Sampuli za makohozi hupelekwa maabara lini, na majibu hurudi baada ya siku ngapi? Mwananchi anayeuliza hayo kwa adabu hafanyi uchochezi. Anakisaidia kituo chake.

Siku isipite

Irudiwe ile kaya ya mwanzo. Mama amesema kichwa kinamgonga. Safari hii mama mkwe anauweka chini mfuko wa pamba na kusema, "Twende." Wanafika kituoni, presha ni 160 kwa 110 na mkojo una protini. Anachomwa sindano, 115 inapigwa, na jioni yuko hospitalini mikononi mwa wataalamu. Muuguzi amekwisha kuuliza nani anakohoa nyumbani. Kesho yake babu, akinung'unika kidogo, anakabidhi kikopo chake cha makohozi. Mtoto atakapoletwa nyumbani, babu atakuwa ameanza dawa, madirisha yatakuwa wazi, naye atalala chumba cha pembeni hadi atakapoambiwa kuwa haambukizi tena.

Kaya hiyo imepoteza siku mbili za kuvuna pamba. Imebaki na watu watatu.